Ulinzi wa kasa uanzie kwenye mizigo inayovuka mipaka

Mfanyabiashara anayeamka alfajiri kwenda kupanga foleni Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo ana mengi ya kuwaza: ushuru wa forodha, bei ya kubadilisha fedha, nauli ya lori, na kama mzigo utafika sokoni kabla haujaharibika. Akikuta leo tahariri ya gazeti hili inazungumzia kasa, mnyama wa baharini ambaye huenda hajawahi kumwona kwa macho yake, ana haki ya kuuliza: kasa ananihusu nini mimi?

Jibu letu ni hili. Mengi yanayomuua kasa ni bidhaa, na bidhaa hazitembei zenyewe. Wavu unaomzamisha ulinunuliwa dukani baada ya kusafirishwa ukiwa ndani ya robota. Mfuko wa plastiki anaoumeza huenda ulipita njia ya panya usiku. Bangili iliyochongwa kwa gamba lake iliuzwa na mtu aliyekuwa akitafuta riziki kama watafutavyo wengine. Kwa hiyo ulinzi wa kasa hauwezi kuachiwa askari wa hifadhi na wavuvi wa pwani peke yao. Unaanzia kwenye mizigo inayovuka mipaka yetu, na serikali zetu zina wajibu wa kumpa mfanyabiashara taarifa za kutosha ili aifanye kazi hiyo bila kuonewa.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Dunia ina aina saba za kasa, na tano kati ya hizo zinapatikana katika Bahari ya Hindi upande wetu: kasa wa kijani, ng'amba, kigome, duvi na noa. Noa ndiye mkubwa kuliko wote, na mgongo wake haukufunikwa na gamba gumu bali ngozi nene. Tofauti na kobe wa nchi kavu, kasa hawezi kuvuta kichwa na mapezi yake kuviingiza ndani ya gamba. Anaishi majini lakini anapumua hewa kama sisi, na asipoweza kupanda juu kuvuta pumzi, anakufa maji. Chumvi anayoimeza huitoa kwa tezi zilizo karibu na macho, ndiyo maana jike anapokuwa ufukweni akitaga huonekana kama anayelia.

Mnyama huyu ni msafiri. Kasa wa kijani waliotaga katika visiwa vya Mayotte na Europa, kwenye Mlango-Bahari wa Msumbiji, walifungwa vifaa vya setilaiti na kufuatiliwa hadi malishoni kwao katika pwani za Msumbiji, Madagaska na Tanzania. Anataga kwa jirani, analisha kwetu, anapita kwa mwingine. Nchi moja ikimlinda na ya pili ikamchinja, ulinzi wa ile ya kwanza umekwenda bure.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imezidi kuwa ya bahari. Somalia iliyojiunga mwaka 2024 imeleta ufuo mrefu kuliko wa nchi nyingine yoyote ya Afrika bara. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyojiunga mwaka 2022 ina ukanda mfupi wa pwani huko Muanda, kwenye Bahari ya Atlantiki, na huko pia kasa hupanda kutaga. Leo kasa wa Jumuiya yetu wako katika bahari mbili.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kasa jike, baada ya miaka mingi baharini, hurudi kutaga katika eneo lile lile la pwani alikozaliwa, na wanasayansi wameonyesha kwamba uvutano wa sumaku ya dunia ni moja ya dira zinazomwongoza. Hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai ambayo kwa kasa wa kijani mara nyingi huzidi mia moja, huyafukia, kisha hurudi majini. Baada ya wiki mbili hivi hurudia, na huweza kufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja. Kisha hupumzika miaka miwili au zaidi kabla ya kutaga tena.

Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama kitakachoanguliwa ni dume au jike. Kwenye nyuzi 29 hivi za Selsiasi hupatikana mchanganyiko wa dume na jike. Joto likizidi, majike huwa wengi. Dunia inapoendelea kupata joto, fuo zinaweza kuzaa majike watupu. Vitoto navyo hutoka usiku na kuelekea kwenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani upeo wa bahari ndio uliokuwa na mwanga kuliko nchi kavu. Siku hizi taa za hoteli na barabara huwapoteza, wakaelekea bara na kufia huko. Na pale mchanga wa ufukweni unapochotwa kwa ajili ya ujenzi, jike hurudi akakuta mahali pa kutagia hapapo.

Wanaosalimika ni wachache mno. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba katika vitoto elfu moja, mmoja tu hufikia utu uzima. Huyo naye huchukua miaka 20 hadi 40 kabla ya kuanza kuzaa. Kwa lugha ya sokoni, kasa ni mtaji unaokaa miaka 30 kabla ya kurudisha senti ya kwanza. Anayemchinja jike aliyepanda kutaga anakula mtaji, na mtaji huo hakuna benki itakayemkopesha tena.

Ukoo wa kasa umekuwapo baharini kwa zaidi ya miaka milioni 100. Waliishi zama moja na dinosaria, wakapita salama katika maangamizi yaliyowamaliza wanyama hao miaka milioni 66 iliyopita. Kilichowashinda ni soko. Na soko hilo, tukubali, pwani yetu imelijua tangu kale. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki yapata karne ya kwanza, kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa bidhaa zilizotoka huku ni pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Biashara ya kuvuka mipaka ambayo sisi sote tunaishi nayo ilianza, pamoja na mengine, kwa gamba la kasa.

Aliyetafutwa zaidi kwa gamba ni ng'amba. Gamba lake lina vipande vyembamba vyenye rangi ya asali na hudhurungi vinavyolainika kwa moto na kuchongwa vitana, bangili, pete na fremu za miwani. Katika karne iliyopita mnunuzi mkubwa alikuwa Japani, yenye ufundi wa kale wa kuchonga magamba hayo. Japani ilisimamisha uagizaji mwishoni mwa mwaka 1992. Kufikia hapo ng'amba walikuwa wamepungua kiasi kwamba mpaka leo yumo katika kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Hapa tunataka wakubwa wetu wasome kilichofanywa na jirani. Shelisheli ilikuwa na mafundi waliokula kwa kuchonga magamba ya ng'amba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya kuipiga marufuku biashara hiyo kabisa, serikali ya nchi hiyo iliwalipa mafundi hao fidia na kununua akiba ya magamba waliyokuwa nayo. Mwaka 1998 akiba hiyo, tani mbili na nusu hivi, ilichomwa moto hadharani. Haikuanza kwa pingu. Ilianza kwa kumtazama mtu ambaye sheria mpya ingemwondolea chakula mezani.

Leo magamba, mayai, nyama na mafuta ya kasa wa aina zote ni marufuku katika biashara ya kimataifa. Kasa wote wamo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyamapori, na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Msumbiji na Komoro zote ni wanachama wa mkataba huo. Tanzania Bara imepiga marufuku kuvua kasa katika Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Kenya inawalinda chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo adhabu zake ni nzito kiasi cha kumfilisi mfanyabiashara mdogo na kumfunga. Mama anayenunua bangili kumi za urembo pwani ili akaziuze Kampala au Kigali anaweza kujikuta na kesi ambayo mtaji wake wote hautoshi kulipa wakili. Ushauri wetu ni rahisi: muuzaji akikuhakikishia kwamba bangili au kitana ni cha gamba halisi, achana nacho.

Kuhusu nyama, tunasema kwa uchungu. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa hospitalini. Novemba 2021, huko huko Pemba, watu saba walikufa kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka huo huo Madagaska ilizika watu 19, tisa kati yao wakiwa watoto. Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu ambayo haionekani kwa macho, haina ladha ya kumwonya mlaji, haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na haina dawa ya kuikata. Huweza pia kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama. Inadhaniwa kasa huipata katika anavyovila baharini. Ng'amba, kwa mfano, hula sponji za miambani ambazo nyingine zina sumu. Kasa mmoja anaweza kuliwa bila madhara na wa pili akaua familia nzima. Anayeisafirisha nyama hiyo kwa siri, au mafuta yake yanayouzwa kama dawa, anauza kitu ambacho yeye mwenyewe hajui kama ni chakula au ni sumu. Hakuna faida inayostahili jeneza la mtoto.

Lakini gamba na nyama si hatari kubwa pekee. Kasa wengi leo hufa kwa bahati mbaya, katika nyavu zilizotegwa kwa ajili ya samaki wengine. Jarife, wavu wenye matundu makubwa unaotegwa usiku kucha kwa ajili ya papa na taa, humnasa kasa na kumzuia kupanda kuvuta hewa. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo nchi zetu zimezipiga marufuku baharini na ziwani, zikikatika huendelea kuua zikiwa zimeachwa majini, kwa sababu hazionekani wala haziozi.

Nyavu hizi za plastiki hazifumwi na mvuvi. Huletwa kwa makontena, hugawanywa maghalani, kisha huvushwa mipakani kidogo kidogo, mara nyingi zikiwa zimefichwa chini ya mitumba au vyombo vya plastiki. Anayekamatwa kwa kawaida ni dereva wa bodaboda au mvuvi mwenye mtumbwi mmoja. Nyavu zake huchomwa mbele ya kamera, na mwenye ghala huagiza kontena jingine. Hali hii hatuikubali. Sheria inayomwishia mvuvi na kumruka mwagizaji haimlindi kasa, na inawafundisha wananchi kuichukia hifadhi.

Mifuko ya plastiki ina mkondo unaofanana. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Tarehe tofauti na masharti tofauti yamezaa magendo: bidhaa iliyo halali upande huu inakuwa dhahabu upande wa pili. Mfuko ukitupwa mtaroni katika mji wa bara huchukuliwa na mvua hadi mtoni, na mto hauna kituo cha forodha kabla ya bahari. Noa, ambaye chakula chake kikuu ni konyeza, huumeza mfuko unaoelea akidhani ni chakula. Tumbo hujaa plastiki na mnyama hufa kwa njaa akiwa ameshiba.

Je, yote haya yanaweza kurekebishwa? Ushahidi unasema ndiyo. Katika kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, kasa wa kijani walivunwa mpaka wakakaribia kwisha. Walipoanza kulindwa mwaka 1968, viota vilikuwa 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka. Nusu karne baadaye vilikuwa vimezidi 15,000. Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka, baada ya idadi yake duniani kuongezeka kwa asilimia 28 hivi tangu miaka ya 1970. Ni habari njema, ila tunatahadharisha: hiyo haikuwa ruhusa ya kuanza kuvuna. Marufuku ya biashara iko pale pale, na ng'amba bado yuko ukingoni.

Karibu zaidi na kwetu, huko Watamu nchini Kenya, shirika la Local Ocean Conservation huwapa wavuvi fidia ndogo kwa muda na nyavu wanazopoteza wanapomtoa kasa salama badala ya kumchinja. Katika Kisiwa cha Juani, Mafia, wanakijiji waliofundishwa na shirika la Sea Sense hulinda viota, na wageni hulipa kwenda kutazama vitoto vikishuka baharini. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na watu wa Juani wameonyesha kwamba kitoweo kinaweza kupatikana kwa kasa aliye hai, tena kila msimu.

Kwa hiyo tuna maombi matatu kwa serikali za Jumuiya na jirani zake.

Kwanza, orodha moja ya bidhaa zilizokatazwa, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi na yenye picha. Wafanyabiashara wadogo wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 tayari wana utaratibu rahisi wa forodha na orodha ya bidhaa zinazopita. Kando ya orodha hiyo ibandikwe ya pili: magamba ya ng'amba, mayai, nyama na mafuta ya kasa, nyavu za uzi mmoja, mifuko iliyokatazwa. Mtu asifungwe kwa kosa ambalo hakuna aliyemweleza.

Pili, sheria zilingane. Ibara ya 116 ya Mkataba wa Jumuiya ya mwaka 1999 inazitaka nchi wanachama kuwa na sera ya pamoja katika kuhifadhi wanyamapori. Kasa ni mnyama ambaye hawezi kulindwa kwa njia nyingine. Wavu uliokatazwa Mombasa ukatazwe Tanga, Mogadishu na Pemba, na kwa adhabu inayofanana, ili pasiwe na faida ya kuuvusha.

Tatu, ukaguzi uanzie bandarini na maghalani. Mwagizaji wa kontena la nyavu haramu ndiye awe wa kwanza kizimbani. Na pale marufuku inapomnyima mtu riziki aliyokuwa nayo kihalali, mfano wa Shelisheli ufuatwe: apewe fidia na njia mbadala kabla ya kunyang'anywa.

Kwenu wafanyabiashara tuna ombi moja. Vyama vyenu vya mipakani vinajua kilichomo ndani ya mizigo kuliko ofisa yeyote. Mnajua nani anavusha nyavu, nani anavusha mifuko, na kwa nini. Zungumzeni jambo hili katika vikao vyenu, na mwenzenu akiombwa abebe robota asilolijua kwa malipo mazuri, amjibu mwenye mzigo aje alibebe mwenyewe. Jina la mfanyabiashara safi ni mtaji pia, na likichafuka mpakani huchelewa sana kutakata.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa karne nyingi pwani hii iliuza kasa bila kuhesabu, na ilipokuja kufungua daftari ikakuta karibu kila kitu kimekwisha. Aldabra walihesabu na wakalinda, na kasa wakarudi. Kitoto cha kasa kitakachoanguliwa Juani msimu huu kitarudi kutaga pengine miaka 30 ijayo, wakati watoto wetu ndio watakaokuwa wakipanga foleni Horohoro na Lunga Lunga. Kama kitarudi au hakitarudi, sehemu ya jibu imo katika mzigo utakaofungwa kesho asubuhi.